Ngege Kumi na Wanne wa Baba

Nyuma ya nyumba yetu ya kaunti, kati ya kamba za nguo na sukuma wiki, baba alichimba bwawa lisilozidi ukubwa wa kitanda. Alikuwa amestaafu kazi ya reli, na mtu aliyezoea kuamka alfajiri miaka yote hiyo hawezi kukaa tu akitazama ukuta. Alitandika plastiki nyeusi, akaibana kwa mawe kandokando, akapanda yungiyungi ndani ya ndoo kuukuu ya rangi. Kisha akaleta samaki wachanga, ngege kumi na wanne, ndani ya mfuko uliojazwa hewa. Aliuacha mfuko ukielea bwawani karibu saa nzima kabla ya kuwafungulia, ili wazoee baridi ya huko.

Majirani walinung'unika kuhusu mbu. Baba akachota maji ya bwawa kwa gilasi, akapita nayo mlango hadi mlango akiwaonyesha kwamba hamna kiluwiluwi wa mbu hata mmoja. Samaki huwala wote, alisema.

Amri yake ilikuwa moja tu. Maji ya mfereji yana dawa inayoua samaki, kwa hivyo hayamiminwi bwawani siku yanapotoka. Yanapumzishwa kwanza kwenye pipa lililo wazi, siku mbili au tatu. Alipougua figo akalazwa, alinikumbusha hayo tena pale kitandani kana kwamba mimi ni mtoto, na mimi nina watoto wangu wawili. Nilimjibu kwa ukali kidogo kwamba nimesikia.

Mgao wa maji ukatubana wiki tatu. Pipa likaisha, bwawa likapungua hadi migongo ya samaki ikaonekana. Siku daktari aliposema baba atarudi kesho yake, mtu akaita uani, "Maji imerudi!" Nani hapa mtaani Eastlands asiyezijua mbio hizo? Unajaza ndoo, sufuria, karai, hata birika, kwa sababu hujui yatakatika saa ngapi. Nilijaza kila kitu, kisha nikavuta mpira wa maji hadi bwawani nikalijaza pomoni, nikifurahi kwamba baba atalikuta limejaa. Amri yake haikunijia kichwani hata kidogo.

Asubuhi samaki walikuwa wanaelea wote, matumbo juu. Nililia nikiwa nimechuchumaa. Niliwazika kwenye sukuma wiki, hata yule mkubwa mwenye mkia uliokatika, aliyezoea kula ugali vidoleni mwa baba.

Nilikusudia kumwambia baba. Wanasema majuto ni mjukuu. Huyu wangu namlea hadi leo. Lakini baba alishuka kwenye teksi amekuwa mwepesi kama koti alilovaa, akaomba kiti kando ya bwawa kabla hata ya chai.

"Mama," aliniita, maana nilirithi jina la mama yake, "maji ulipumzisha?"

"Nilipumzisha, Baba. Wamejificha chini ya majani."

Akaitikia kwa kichwa. Akamega ugali, akautupa. Tonge lilielea kidogo, likalowa, likazama.

Kila asubuhi ikawa hivyo, na kila asubuhi nikajiambia nitasema kesho. Wiki ya pili viluwiluwi wa mbu wakaanza kucheza majini, wengi, miguuni pake kabisa. Aliinama akawatazama kwa muda mrefu. Nikajua kwamba amejua. Nilisimama na kikombe chake cha uji nikingoja anigombeze. Nilitamani sana anigombeze.

Akanigeukia.

"Leo nimemwona yule wa mkia uliokatika," alisema. "Amenona. Umemtunza vizuri, mama."

Nikasema asante. Siku nne baadaye alifariki, na mimi nilikuwa bado sijamwambia.