Potelea Mbali, Kanda ya Nyimbo Nne

Noorbanu wa Markham, Kanada, alikuwa na dharau ya kutosha mtaa mzima, na ya kesho ikabaki. Aliwadharau majirani kwa maua yao ya plastiki, na wanawake wa imambara, ukumbi wao wa ibada, waliojifanya wamesahau kusonga ugali baada ya miaka miwili ya Kanada. Ofisini, alikokaa kutwa akisahihisha barua za mabosi, aliwadharau mabosi. Lakini hakuna alichokidharau kwa moyo wote kama bendi ya mwanawe Rameez.

Ilikuwa bendi ya emo, muziki uliowapata vijana wa miaka ile kama tetekuwanga. Wavulana wanne, suruali zimewabana mpaka unayahurumia magoti, nywele zimelazwa juu ya jicho moja, wanakwaruza magitaa na kulia kwamba hakuna anayewasikia. Walisikika mpaka nyumba ya tatu.

"Ana chumba chake, ana hita, pilau anakula sahani mbili," Noorbanu alimwambia dada yake Gulshan kwa simu. "Sasa analilia nini? Nani kamfia?"

Katika nyumba ile Kigujarati kilikuwa cha wageni, Kiingereza cha shule na ofisi, na Kiswahili, alichokuja nacho Noorbanu kutoka Moshi, kilikuwa cha kugombeza. Rameez alikijua kwa sikio tu. Mama alifoka kwa Kiswahili, mtoto akajibu kwa Kiingereza, na kila mmoja aliamini ameelewa.

Jumamosi moja ya Februari 2006 wavulana waliteremka besimenti, chumba cha chini ya nyumba, kurekodi. Walitundika mablanketi ukutani na kuazima mashine ya kanda. Siku hiyohiyo Noorbanu alikuwa na khitma ya marehemu mama yake, na wanawake thelathini walikuwa wakae hukohuko chini. Alisimama kwenye ngazi akafoka mpaka sauti ikamkauka. Ndipo akamwona mwanawe ameikamata maikrofoni kwa mikono miwili. Hajawahi kumwona akikitaka kitu namna ile. Akachoka kugomba.

"Potelea mbali!" akasema, akapanda juu kusukuma makochi ya sebuleni ili wageni wake wakae huko.

Jioni, wageni walipotawanyika, Rameez alibeba begi lake akaondoka. Akaenda kubanana na wenzake katika chumba cha kupanga kule Parkdale. Bendi yenyewe haikumaliza mwaka. Mpiga besi alinyoa nywele, wenzake wakasema amewasaliti, wakaachana kwa machozi, kama walivyoishi. Iliyobaki ni kanda moja ya nyimbo nne, waliyoinakili kwa mkono nakala mia. Rameez akahamia Malton, akawa anapakia mizigo ya ndege.

Toka Markham mpaka Malton si safari ya kufunga chakula. Noorbanu hakwenda. "Nimemwachia besimenti nzima, na bado ananisusia!" alisema. "Mimi ndiye nimpigie? Mimi?" Kila Idi alipika pilau ya watu wengi, akaweka sahani moja zaidi, kisha akaiondoa mwenyewe kabla mumewe hajaiona. Miaka minane ikapita hivyo, anamtaka mwanawe na hataki kusema.

Mwaka 2014 akaja binti mmoja, Anastasia, mwenye kikampuni cha kutoa santuri. Alisema kanda ile inatafutwa mpaka Japani na kwamba Rameez amekubali itolewe upya. Kanda ya awali, alisema, iko kwenye kabati la besimenti.

"Japani!" Noorbanu akasonya. "Na wao hawana kazi?"

Lakini aliitoa. Anastasia akaiweka kwenye redio ndogo juu ya meza ya jikoni, kuona kama bado inalia. "Jina la kanda nalo tutaliacha vilevile," alisema. "Rameez ametueleza ndiyo maneno uliyomwambia siku uliyomfukuza."

"Nani kamfukuza nani?"

Wimbo wa tatu ukaisha, lakini kanda ikaendelea; kumbe siku ile mashine ya kurekodi haikuzimwa. Noorbanu akaisikia sauti yake mwenyewe kutoka kwenye ngazi: "Potelea mbali!" Mlango ukafungwa. Mvulana mmoja akauliza mama amesema nini. Sauti ya Rameez, nyembamba, ikajibu kwa Kiingereza: "Anasema nipotee. Niende mbali."

Wenzake wakashangilia kwamba jina la kanda limepatikana. Rameez hakucheka. Alisikika akivuta kamasi.

"Mjinga huyu!" Noorbanu alipiga meza. "Sikumwambia aende. Nilisema basi, liwalo na liwe, pigeni! Nilimpa ruhusa!"

Akamnyang'anya Anastasia simu yenye namba ya Rameez, akapiga palepale. Rameez alipopokea, mama yake hakusalimia. Alimweleza maana ya maneno yale mara tatu, kila mara kwa ukali zaidi, na mara zote akimwita mpumbavu asiyejua lugha ya mama yake.

Kisha Rameez akajibu kwa Kiswahili, cha kupindapinda, kila neno analitafuta.

"Sawa, Mama. Mimi nakosa kusikia. Lakini wewe, simu ulikuwa nayo."

Noorbanu akafungua mdomo amkemee, kama kawaida yake, kisha akavuta kiti akaketi.

"Nilikuwa nayo," akasema. "Niliona aibu."