Kwaya Isiyo na Wimbo Mpya

Mama mkwe wangu alijua kwamba kila alasiri nakwenda mazoezi ya kwaya. Ukweli ni kwamba nilikuwa nakwenda shule. Mwanamke mzima, mama wa watoto, nimejibana kwenye benchi la watoto wadogo huku mtaani Kasenga, magoti yakigonga ubao, nikijiandaa kwa mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Mume wangu, anayelima kijijini Runingu na kurudi mara mojamoja, ndiye peke yake aliyejua. Mama mkwe yeye husema mwanamke anayerudi shule amekosa kazi nyumbani. Kwa hiyo nikajifanya mwimbaji.

"Kwaya yenu iko nafanya mazoezi sana," aliniambia siku moja akichambua maharage, "lakini siku ya Mungu munaimba zilezile."

Wiki za mwisho zilikuwa za marudio. Mwalimu wetu, kijana mpole ambaye ningeweza kumtuma dukani, alitupitisha sayansi yote mbiombio: jua na sayari zake, mwezi usio na mwanga wake wenyewe, kisha maada na hali zake. Hapo akauliza: ndagala, hawa dagaa wa ziwa letu, wakianikwa ufukweni, maji yao yanakwenda wapi? Mimi nimeanika ndagala tangu utotoni. Nikanyoosha mkono kabla ya wote.

"Mchanga unayanywa."

"Na wale wanaoanikwa juu ya vichanja?" aliuliza.

Darasa zima likacheka. Yanapanda hewani, akaeleza, bila kunicheka. Nilitamani mchanga huohuo uninywe na mimi. Toka siku ile nilihamia benchi la nyuma.

Kutoka maada tukaingia mwili wa mtu na afya yake. Anayehara anakauka, mwalimu alisema, kama wale ndagala wa mama yetu pale nyuma; ngozi ya tumbo lake ukiivuta hairudi upesi. Apewe maji yaliyochemshwa, yenye sukari na chumvi, kidogokidogo bila kuacha, na apelekwe kituo cha afya. Tuliguna. Kwetu mwenye kuhara hunyimwa maji ili tumbo lipumzike, na ndivyo nilivyolelewa.

Kesho yake asubuhi, mtoto wangu wa mwisho, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kutembea, aliamka anahara. Mama akampakata, akaweka kikombe cha mtoto juu ya kabati.

"Usimupe mayi. Iko naingia na kutoka tu."

"Ndiyo, Mama," nikasema.

Nikafua nguo za mtoto. Nikapika. Nikafagia ua ambao nilikuwa nimeshaufagia. Ningesema nini? Angeniuliza nimesikia wapi, na kwaya haifundishi habari za tumbo. Mtoto alilia akinyoosha mkono kwenye kabati, kisha akalia bila machozi, kisha akanyamaza. Naona haya kuandika hili, lakini hata hapo nilikuwa bado natafuta uongo wa kunitosha. Nilifikiria kusema nimesikia redioni, nikakumbuka redio yetu haina betri.

Jua lilipofika utosini niliivuta kidogo ngozi ya tumbo lake, kama mwalimu alivyotuonyesha. Ilibaki imesimama, haikurudi. Nikashusha kikombe.

"Nani alikuambia umupe?" Mama aliuliza.

"Mwalimu. Minye niko nasoma, Mama. Hakuna kwaya."

Nilingoja anitukane. Aliinuka, akaleta sukari mwenyewe, na maji yaliyobaki kwenye chupa ya chai. Nikatia chumvi, tukamnywesha kwa kijiko. Kisha tukapanda pikipiki, mtoto katikati yetu, na Mama akawa anamhimiza dereva mpaka kituo cha afya. Kule walimtundikia seramu, maji ya kuingia mshipani.

Kufika jioni alifungua macho vizuri, akanyoosha mkono kwenye kikombe cha muuguzi. Nililia kwa furaha, nikajifuta kwa kitenge. Mama alikuwa amekaa kando yangu kwenye benchi.

"Ile mambo ya mayi," aliuliza, "mwalimu alifundisha siku gani?"

"Jana."

Alimtazama mtoto, halafu akanitazama mimi.

"Basi asubuhi weye ulikuwa unajua."

"Ndiyo, Mama," nikasema.