Kalume Ametangulia

Hapana, ile koti haikuwa yangu. Mimi na joto ya Durban, na koti ya sufu, si mtanicheka? Nilimnunulia mtoto wangu Kalume, kwenye kiwanda kule Mobeni, sababu kifua kilikuwa kinamsumbua na alikuwa anachunga mbuzi kwenye milima ya Korsika, kile kisiwa cha Wafaransa. Aliniambia kwa simu, "Mama, njoo unione." Nikafunga flat yangu hapa South Beach, nikaenda kumuona, na akikubali, kumrudisha.

Ndege mpaka Ufaransa, kisha meli. Asubuhi bandarini sikumuona Kalume. Nikamuona Hamisi, kijana wa Tanzania aliyekuwa anafanya kazi naye. Huyo adabu imemzidi, anakusalimia kama anaomba ruhusa ya kupumua: "Shikamoo, mama yangu… pole na safari, mama yangu…" Nikauliza mtoto wangu iko wapi. Akatazama viatu vyake.

"Kalume ametangulia, mama."

Nikafurahi. Kumbe kifua kimepona, anapanda mlima mbele yetu.

Pale basi ilikomea, mawe yalikuwa yameporomoka barabarani. Tukaanza kwa miguu. Eish, ile milima imesimama kama ukuta, na chini bahari iko bluu mpaka inaumiza macho. Mbuzi wanakohoa kwenye miamba kama wazee kanisani. Hamisi alibeba begi. Koti nilikataa kumpa, nikabeba mwenyewe. Nikamtania kwamba kwa mwendo wake huo, mwenzake atafika, apike, ale, alale. Hakucheka.

Kwenye chemchemi magoti yakagoma. Nikaita, "Kalume, rudi unishike mkono!" Mlima ikaniitikia kwa sauti yangu mwenyewe. Hamisi akageuka, akapangusa uso. Nilidhani ni jasho. "Ametangulia, mama," akasema tena, polepole. Nikamwambia nimesikia, mimi si kiziwi.

Kwetu Bukavu, mtu akitangulia ni kwamba iko na miguu nyepesi, basi. Tangu nirudi hapa Durban, Mtanzania akiniletea neno laini namwambia alipasue kwanza nione ndani. Na koti nilirudi nayo. Iko nyuma ya mlango.

Mchana tukafika nyumba ya kwanza ya kijiji. Bibi mmoja wa nguo nyeusi, mwenye wale mbuzi Kalume alikuwa anachunga, akatupatia maji na jibini. Sauti yake kama bawaba ya kutu. Kifaransa yangu ni ya sokoni, lakini niliuliza vizuri: mtoto wangu Kalume amepita hapa? Nimemletea koti.

Bibi akamtazama Hamisi. Hamisi akatazama chini. Bibi akaweka kisu mezani.

"Alipita juzi," akasema, "ndani ya sanduku."