Malka na Malkia

Mimi hakuna kinachonishangaza. Nimeona mamba akimpokonya mtu baiskeli na kuzama nayo. Nimeona mafuriko yakibeba paa zima la nyumba huku kuku wamelilalia. Nimeona watu wenye digrii wakisimama mlangoni mwa duka langu la simenti hapa Garsen wakiomba kazi ya kupakia mifuko. Shule niliiachia darasa la nne, na leo nina malori mawili na nyumba ya mawe, na hakuna aliyenishika mkono isipokuwa mama yangu. Kwa hiyo nikisema kuna jambo moja la utotoni ambalo likinijia mpaka leo nasimama kama mtu aliyepigwa kofi, ujue si jambo dogo. Hunijia kwa harufu. Mtu akikata mgomba mbichi, ile harufu ya maji yake, ya ukakasi, yanayonata vidoleni na kuacha madoa meusi yasiyotoka nguoni, basi niko tena kwenye ukingo wa mto Tana, nina miaka tisa, na kijiji kizima kinamngoja Malkia.

Sisi hatukuwa watu wa mto. Tulikuwa Wagiriama kutoka kusini, mama na mimi na dada zangu wawili wadogo, baba akiwa ameshafariki na shamba la kwao limekataa kuzaa. Tulifikia kijiji cha Wapokomo, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Garsen. Mkuu wa kijiji alikuwa Mzee Komora, mtu mfupi mwenye baiskeli isiyo na breki na mdomo usio na breki vilevile. Alimpa mama kipande cha ardhi kando kabisa ya maji. "Lima hapa, mwanangu," alimwambia, "pamelala bure." Mama akapanda migomba sitini. Najua ni sitini kwa sababu kila mmoja niliumwagilia mimi, kwa kibuyu, jicho moja likiwa mtoni kwa ajili ya mamba. Baada ya miezi minane ilianza kutoa mikungu, na mama alikuwa akitembea katikati yake jioni, anaigusa mmoja mmoja kama anayehesabu watoto. Ile migomba ndiyo ilikuwa chakula chetu cha mwaka. Tulichokuwa hatujui ni kwa nini pale palilala bure.

Pale palikuwa malka. Malka ni njia ambayo ng'ombe hushukia mtoni kunywa, na wafugaji wa Kiorma wamezipita njia hizo tangu mababu zao. Lakini kwa miaka miwili mvua ilinyesha vizuri huko nyikani, ng'ombe wakanywa mabwawa ya hukohuko, na njia ikaota nyasi. Watu wakaanza kuilima kidogo kidogo, huyu mahindi, yule maharagwe, na sisi wageni tukawa wa mwisho. Mwaka ule mabwawa yakakauka. Ng'ombe wakarudi mbavu nje, wakakuta njia yao imekuwa shamba. Wazee walikaa vikao vitatu Garsen, na kila kikao kiliishia kwenye makelele. Wakulima waliapa hawatakata hata bua moja la mahindi. Mimi sikuyajua haya, watoto hawakuitwa vikaoni, na mama nyumbani akitaja tu "mambo ya ng'ombe." Neno lenyewe malka lilikuwa halijawahi kuingia sikioni mwangu. Nilichoona ni kwamba wanaume walikuwa wakinoa mikuki mchana kweupe, kimya, bila utani, na hilo lilinitisha zaidi kuliko mamba.

Jumatano moja mama alinituma Garsen kuuza ndizi. Pale sokoni nikamkuta Aba Guyo, mfugaji mrefu mwenye ndevu nyekundu za hina, ambaye mama alikuwa akibadilishana naye ndizi kwa maziwa. Siku hiyo hakuwa na maziwa. Alinishika bega, vidole vyake vikanuka moshi wa vibuyu vya maziwa.

"Wewe mtoto ya Mama Katana?"

"Ndiyo, mzee."

"Ambia Komora. Ambia watu yote. Malka nafungua Jumamosi. Nasikia? Jumamosi. Maneno imekwisha."

Sasa, sarufi sikusoma, lakini biashara imenifundisha Kiswahili cha kila mtu wa Tana. Kiswahili cha wafugaji wa siku zile kilikuwa hakimtaji mwenye kitendo. "Nafungua" ikawa ni nafungua mimi, anafungua yeye, au inafunguliwa, utachagua mwenyewe. Aba Guyo alikuwa akisema Jumamosi tunaipitia njia yetu, mtake msitake. Ilikuwa ni ilani ya vita. Mimi nilisikia Malkia anafungua. Na ile "maneno imekwisha" nikadhani ananiambia nenda.

Nilikimbia njia nzima. Mzee Komora alikuwa ameipindua baiskeli yake, anafunga mnyororo kwa kipande cha waya.

"Mzee, Malkia anafungua Jumamosi. Watu wote waambiwe."

"Malkia yupi?"

"Malkia."

"Anafungua nini?"

"Sijui, mzee. Nimetumwa kutoka Garsen."

Huyu mtu aliyecheka hata matangani hakucheka. Aliinuka, akajifuta mikono kwenye kikoi. "Litakuwa ni daraja," akasema. Mkewe akauliza kutoka jikoni, "Daraja gani? Hapa kuna daraja?" Naye akamjibu kwa hasira, "Hilo watakalolijenga, mwanamke! Hujui Malkia wa Uingereza hufungua kwanza?"

Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sijakiona tena kwa ukubwa ule. Hatukuwa na simu. Redio ilikuwa moja, na betri zake huanikwa juani ndipo iseme. Lakini lile neno langu liliondoka kijijini jioni hiyohiyo kwa miguu, kwa mtumbwi na kwa baiskeli, na kila lilipolala liliamka limenenepa. Watu wa kijiji cha Wema wakasema Malkia analeta mashine ya kukobolea mpunga, kwa kuwa wao walikuwa wakitwanga. Golbanti, penye kanisa la zamani, wakasema anakuja kusali. Wenye mitumbwi wakasema atapanda mtumbwi, na wameshaanza kugombana ni wa nani. Kila mmoja alilitilia lile alilokosa mwenyewe, na hakuna hata mmoja aliyedanganya. Ijumaa asubuhi mwanamke wa Wema, mzigo wa kuni kichwani, alinisimamisha njiani.

"We kijana, uko wapi wewe? Hujasikia Malkia anakuja? Kofia yake ya dhahabu, watu wanne huibeba!"

Haki ya Mungu, nilimwamini. Mimi niliyelizaa lile neno nilimuuliza, "Atapita saa ngapi, mama?"

Gari la Malkia lingepita wapi? Njia iliyonyooka kutoka nyikani mpaka mtoni ilikuwa moja tu. Mchana wa Ijumaa Mzee Komora alisimama pale kwenye mahindi, akanyoosha mkono. "Hapa. Kateni." Na wale wanaume walioapa vikao vitatu, waliokuwa tayari kufa kwa ajili ya bua moja, walikata mahindi yao wakiimba. Sijui nikuelezeje. Yale ambayo wazee wa pande mbili, chifu, na mikuki vilishindwa kuyafanya, neno moja lililosikika vibaya liliyafanya kwa nusu siku.

Walipofika chini, wakamkuta mama amesimama mbele ya migomba yake na panga mkononi. Hakuna aliyemlazimisha, walimngoja tu. Akaniita pembeni, akainama mpaka uso wake ukawa mbele ya wangu.

"Katana, nitazame. Ulisikia vizuri?"

"Nilisikia, mama."

Akageuka, akakata wa kwanza. Alikata yote sitini mwenyewe, mikungu michanga ikianguka na kuviringika mpaka majini, na harufu ikajaa kila mahali.

Jumamosi jua lilipopanda, njia ilikuwa imefagiliwa nyikani mpaka mtoni, matao ya makuti na maua kila baada ya hatua ishirini, wanawake wa vijiji vinne wamevaa leso mpya, ngoma zimekaa tayari. Tukaona vumbi. Vigelegele vikapaa. Vumbi likakaribia, tukasikia kengele za mbao, kisha tukaona ncha za mikuki. Walikuwa wafugaji, wanaume pekee, nyuso zimefungwa kama milango, na nyuma yao ng'ombe. Walikuja kupigana. Mbele alikuwa Aba Guyo. Alipoliona tao la kwanza alisimama ghafla hata waliomfuata wakamgonga mgongoni. Nyimbo zikakatika. Wanaume wetu wakakumbuka mikuki yao, ambayo walikuwa wameiacha nyumbani ukutani ili wasimtishe Malkia.

Ng'ombe peke yao hawakusimama, maana walishanusa maji. Wa mbele alikuwa jike jeupe, pembe ndefu, mifupa imechomoza, akaja polepole mpaka chini ya tao. Mzee Komora alitazama barabara nyuma ya vumbi. Hapakuwa na gari. Akatazama mikuki. Akanitazama mimi. Nilimwona akielewa. Mpaka leo sijui mtu anawezaje kuelewa jambo kubwa hivyo kwa muda wa kumeza mate. Akavua kofia yake, akapiga ukelele:

"Haya jamani, Malkia ndiye huyu! Mpisheni anywe!"

Kisha bibi kizee mmoja akapiga kigelegele, na watu wakacheka kicheko cha kutoka tumboni, cha waliokuwa karibu kulia. Ngoma zikaanza. Yule ng'ombe mweupe akapita chini ya matao yote, maua yake yamemwangukia kichwani, akaingiza mdomo mtoni, na kundi zima likamfuata. Aba Guyo aliegemea mkuki wake kama mzee wa miaka mia.

"Nani naambia nyinyi hii?" akauliza.

"Si wewe?" Mzee Komora akamjibu. "Umetutumia mtoto, bwana. Tungekataaje?"

Mchana huo mama alikuwa akiosha sufuria ukingoni. Aliniambia nirudie maneno ya Aba Guyo, neno kwa neno. Nikarudia. Sufuria ikamponyoka. Alikaa chini mchangani, akacheka mpaka machozi yakamtoka, halafu yakabaki machozi peke yake. Hakunipiga. Msimu ule wote wa njaa tuliishi kwa maziwa ya Aba Guyo, aliyeyaleta kila asubuhi bila kuitwa. Na Golbanti wapo wazee watakaokuapia kwamba Malkia alipita, wao walimwona.

Siku hizi neno halitembei kwa miguu. Mwaka jana niliinunua ile ardhi yote ya ukingoni, nikaweka pampu na matikiti, nikazungusha waya. Kabla ya wiki kuisha, sauti ilikuwa kwenye simu za watu wote, Garsen mpaka Bura, kwamba Katana ameuza malka kwa wageni. Sikuuza. Niliapa, nikatuma sauti yangu, nikaitisha mkutano, na kadiri nilivyokana ndivyo ilivyokua. Vijana wa pande zote mbili wakaanza kuandikiana maneno ambayo sitayarudia hapa. Nikaenda kwa mama, ambaye sasa haoni vizuri, nikamlalamikia uongo wa watu.

"Umeuza?" akaniuliza.

"Sijauza, mama."

"Na ng'ombe wanapita?"

"Waya umefunga njia, mama."

"Mimi nilikata kwa neno la uongo," akasema. "Wewe unangoja lipi?"

Kesho yake asubuhi nilikwenda na mafundi. Tuling'oa nguzo, tukakunja waya, tukachimbua miti ya miiba ya mathenge iliyoziba njia ya juu, na ng'ombe wakashuka wakiyakanyaga matikiti yangu yaliyokuwa yamebakiza wiki mbili yaive. Zile sauti za kwenye simu zilinyamaza siku ya pili, bila mtu kuniomba radhi. Zamani jambo hili lilimgharimu mama migomba sitini. Mimi limenigharimu shilingi elfu themanini na saba, mia nne na hamsini.