Mkono wa Kuamrisha

Babu yangu alipostaafu jeshini alibaki na kazi moja tu, kuamrisha. Sisi Wanubi wa Kibra babu tunamwita jidi na bibi tunamwita haboba, na nyumbani kwetu kila mmoja alijua sehemu yake: Jidi alisema, Haboba akatenda. Bunduki aliirudisha kambini. Cheo cha shaush, yaani sajini, alikuja nacho nyumbani, akatutawala nacho mimi mjukuu wake wa kike, Haboba, shangazi yangu, ng'ombe na mbuzi, na asingekosa kuwatawala kuku kama wangemsikiliza.

Aliketi barazani tangu asubuhi, mkono wa kulia umenyooshwa kuelekea bondeni. "Kuni zile! Maji! Na huyo mbuzi anakula nini?" Jioni wazee wenzake walipopita kumjulia hali, aliwaambia kwa uchovu wa kweli kabisa, "Leo nimelima mpaka kule chini." Malengelenge nilikuwa nayo mimi. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni mwongo. Baadaye nilielewa kwamba hakuwa akidanganya hata kidogo. Shamba likilimwa kwa amri yake, amelima yeye. Ng'ombe wakikamuliwa na kibarua aliyetoka Kawangware alfajiri na mapema, amekamua yeye. Serikali nayo ilikuwa ikisema kwamba imejenga reli, basi najua alikojifunzia.

Kiharusi kilimpata asubuhi moja akivaa kanzu. Baada ya siku chache mdomo ulirudi sawa, kwa bahati yake na kwa bahati mbaya yetu. Mguu uliburuzika lakini ulikwenda. Mkono wa kulia ndio uliokataa. Ulining'inia tu ubavuni, na akilala ilibidi Haboba amsogezee.

Sasa, kila Ijumaa baada ya sala askari wastaafu walikuja kula kwetu, wote kwenye sinia moja. Mtu hula kwa mkono wa kulia. Wa kushoto una kazi yake, na kazi hiyo haina nafasi kwenye chakula cha watu. Ijumaa ya kwanza Jidi alitoka, akaketi mahali pake, akautazama ule mkono uliolala pajani, kisha akasema hana njaa. Tangu siku hiyo alikula chakula chake ndani, nyuma ya pazia, Haboba akimlisha tonge kwa tonge, huku wenzake wakicheka nje. "Wamemaliza?" aliuliza kila mara. Nilimwogopa sana babu yangu, na mara nyingi nilimchukia, lakini swali hilo lilinitia huruma. Siku moja alimwambia Haboba waziwazi, "Kama mkono huu haurudi kwenye sinia, heri ningefia vitani."

Basi tukampeleka hospitali ya mjini, mimi na shangazi. Huko kulikuwa na bibi wa Kizungu ambaye kazi yake haikuwa dawa wala sindano. Alikuwa akitoa mazoezi. Alitueleza, dresa, yaani mfunga vidonda wa hospitali, akitafsiri, kwamba mazoezi ni kama suruali, hupimwa kwa kiuno cha mwenyewe, na hakuna suruali moja inayowatosha wagonjwa wote. Kwa hiyo alitaka kujua mzee huyu hufanya nini kutwa kwa mkono wake wa kulia.

"Nalima," alisema Jidi. "Nakamua ng'ombe. Napasua kuni. Maji nabeba mwenyewe."

Shangazi aliinama akatazama viatu vyake. Dresa, naye mtu wa Kibra, alimjua Jidi vizuri, kwa hiyo alitafsiri kila neno bila kupepesa macho. Yule bibi alifurahi mno. Nadhani alikuwa ametoka kwao na picha moja kichwani, ya Mwafrika mchapakazi na jembe lake, na hatimaye alikuwa ameletewa mmoja mzima mzima. Akampimia suruali yake: kushika jembe dogo na kulivuta polepole, kukamua kwa vidole vya kulia asubuhi na jioni, kuinua vijiti vya kuni kuanzia vyembamba. Suruali nzuri sana. Tatizo ni kwamba mwenye kiuno hicho hakuwepo chumbani.

Nyumbani Jidi alitukusanya barazani akatugawia mazoezi yake. Mimi nilipewa jembe. Shangazi alipewa kuni. Kibarua wa Kawangware aliambiwa akamue kwa mkono wa kulia peke yake, amri ya daktari, naye akatii kwa muda akidhani ni dawa ya ng'ombe. Jidi alikaa kitini akisimamia. "Polepole! Daktari amesema polepole!" Tuliporudi hospitalini alipoulizwa kama amefanya mazoezi, alijibu kwa kiburi kwamba hajaacha hata siku moja. Mabega yangu yalikuwa yamejaa kama ya mpagazi. Mkono wake ulikuwa palepale, na yule bibi aliugeuzageuza asielewe.

Safari iliyofuata Haboba alijifunga shuka yake akasema atatupeleka yeye mwenyewe. Jidi alikataa. Haboba alikuwa tayari nje ya uzio. Tulipofika, Haboba hakungoja kuulizwa.

"Memsahibu, huyu mzee hajawahi kukamua ng'ombe. Ng'ombe wenyewe hawamjui."

Dresa alisita. Haboba akamkazia macho mpaka akatafsiri. Jidi aliutazama ukuta kana kwamba ni mtu mwingine anayesemwa. Yule bibi, picha yake ikimporomokea, aliuliza, kwa heshima ambayo ilinishangaza, sasa mkono huo alikuwa akiufanyia nini.

"Anaonyesha," alisema Haboba, akanyoosha mkono wake kama Jidi barazani, kidole mbele, kidevu juu. "Kutwa nzima. Halafu anakula. Halafu tasbihi."

Yule bibi alicheka mpaka akaketi. Kisha akaanza kupima upya, na safari hii alimpima mwenyewe. Hakuna amri itakayotolewa bila kuinua mkono wa kulia, hapo mwanzo wa kushoto ukiusaidia chini ya kiwiko. Tasbihi ivutwe kwa vidole vya kulia, vilivyolegea hivyo hivyo. Na presha ya damu, ambayo alisema ndiyo iliyoleta balaa lote, ilitaka miguu: atembee hadi msikitini kila siku, apumzike akichoka, akazane kidogo zaidi akizoea. Jidi aliuliza mambo haya yataisha lini. Yule bibi alijibu kwamba maradhi haya hayaondoki nyumbani, yanachungwa tu, na mazoezi ni ya maisha. Jidi akasema jeshini hata kifungo kilikuwa na mwisho.

Haboba ndiye aliyeshika usukani. Alitutangazia kwamba kuanzia siku hiyo hatusikii mdomo, tunasikia mkono. Sijawahi kupokea amri kwa furaha kama ile. Jidi alisema "Chai!" na sote tukawa viziwi. Alitutukana kwa Kinubi, akaja kwa Kiswahili, akamalizia kwa Kiingereza cha kambini, ambacho kilikuwa kifupi lakini kilitosha. Mwishowe aliushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, akauinua kidogo, ukadondoka ukielekea chini ya kiti alipolala kuku. Nikamletea kuku.

"Chai, mjinga wewe!"

"Mkono umesema kuku, Jidi."

Nakiri nilifaidi. Siku alipotaka koti aliletewa ufagio, na alipotaka kivuli alisogezewa mbuzi. Lakini kwa sababu hakuweza kuishi bila kuamrisha, mkono haukupata mapumziko. Ulianza kufika usawa wa tumbo, halafu kifua. Kidole cha shahada kilianza kujitenga na wenzake. Siku kilipoonyesha birika la chai bila msaada wa mkono wa kushoto, shangazi alipiga kigelegele, na Jidi akamkaripia kwa kelele, akimwonyesha kidole. Tukampigia kigelegele cha pili.

Kilichobaki ni safari ya kutoka kwenye sinia hadi mdomoni. Hiyo haikuweza kufanyiwa mazoezi mbele ya wazee, maana wali ulimwagikia ndevuni. Haboba alimleta jikoni, kwenye sinia letu la wanawake. Hakuwa amewahi kukaa nalo tangu amwoe. Siku ya kwanza alipekuapekua kwa vidole vile vizito, akauliza, "Nyama iko wapi?"

"Iko kwenye sinia lenu," alisema Haboba, kwa sauti ile ile ya kusema chumvi iko rafuni.

Jidi alichukua tonge lingine la wali na mchicha, likaanguka, akachukua tena. Ningependa kusema kwamba Ijumaa iliyofuata tulikula nyama. Hatukula.

Alirudi kwenye sinia la wazee baada ya mvua za masika. Mimi na Haboba tulisimama nyuma ya mlango tukichungulia. Tonge la kwanza lilitetemeka, likapanda, likafika. Wazee waliendelea kuzungumzia bei ya ng'ombe kana kwamba hawakuona kitu, na nikawapenda kwa hilo. Alikula mpaka akashiba. Kisha akaunyoosha ule mkono, umenyooka kama zamani, akaamuru, "Maji ya kunawa!"

Nilikuwa nimeshapiga hatua. Haboba alinishika mkono.

"Birika liko hapo karibu yako, shaush," alisema kwa sauti, mbele ya wageni.

Neno hilo nalikumbuka hadi leo. Kwetu mwanamke hakuwa akimjibu mumewe hivyo mbele ya wazee, na kunawisha watu ilikuwa kazi yetu, si yake. Moyo wangu uliruka kwa furaha. Nilisema ndani yangu, leo ndiyo leo, sasa atajua. Jidi alimtazama mkewe kwa muda mrefu. Halafu akalishika lile birika kubwa la bati kwa mkono wa kulia, akaliinua likitikisika, akamwagia maji mikononi mwa mzee aliyeketi pembeni yake. Mengine yalimwagika kwenye mkeka. Akaenda kwa wa pili, akaenda kwa wa tatu.

Kucha za Haboba zilikuwa zimenizama mkononi. Niligeuka nione anavyosherehekea, nikakuta analia.

"Amelinyanyua," alinong'ona.

Wageni walipoondoka nilitumwa kulichukua birika. Nililishika kwa nguvu nikitarajia uzito, nusura linipige usoni. Maji yaliyobaki yalikuwa kidogo, lakini mkeka nao ulikuwa umelowa kidogo tu. Haboba alikuwa amelitia maji robo, ya kutosha wazee wale na mkono ule, akaliweka mahali ambapo mkono huo ungelifikia.