Chai Niliyompikia Mzee Aliyekaukwa na Sauti

Siku niliyokaribia kukosa mke kwa sababu ya sufuria ya chai naikumbuka vizuri, mwanangu, kuliko hata siku niliyovaa joho la kuhitimu chuo kikuu. Joho nililirudisha kesho yake. Chai ile bado nasimuliwa habari zake kila Idi.

Jana ulinipigia simu kutoka hosteli, mafua yamekubana, ukaniuliza chai ya limao, asali na tangawizi inapikwaje. Nilikujibu kwa sentensi mbili, kisha nikaona nimekunyima sehemu yenyewe. Jifunike vizuri, nikusimulie.

Tulikwenda Kolo, nyumbani kwa kina Mwajuma, kusikiliza jibu la posa. Mimi mwenye kuposa sikutakiwa hata kuonekana katika kijiji kile. Lakini dereva wetu alitukimbia asubuhi hiyohiyo, na katika ukoo wetu wote pale Haneti aliyejua kuendesha gari alikuwa mimi peke yangu. Mjomba Hamisi, msemaji wetu, akanipa masharti: "Utaendesha, utafika, utakaa na gari lako. Ukiulizwa, wewe ni dereva. Na hiyo miwani ya kisomi ivue."

Nikaivua. Ndiyo maana tulifika tukiwa tumechelewa.

Ilikuwa mwezi wa saba, upepo wa Kondoa unapenya mpaka kwenye mifupa. Wazee wetu wakakaribishwa barazani, wakaketi, wakasalimiana vizuri. Halafu ikabainika kwamba Mzee Ramadhani, baba mkubwa wa Mwajuma, amekaukwa na sauti kwa mafua. Alifungua mdomo, ukatoka upepo. Na katika nyumba ile jibu la posa hutamkwa na mkubwa wa ukoo kwa kinywa chake mwenyewe. Haliandikwi, na wala halisemwi na mwingine kwa niaba yake. Nikamsikia Mjomba Hamisi akisema kwa upole, "Basi tutarudi baada ya mavuno." Mavuno! Mimi nilikuwa nahesabu saa.

Hapo akatoka bibi yake Mwajuma, mama mzazi wa mzee huyo, kashika tangawizi na malimao. Wanawake wote walikuwa wamezama kwenye pilau la wageni, na Mwajuma alikuwa amefichwa chumbani kama desturi inavyotaka. Nikamkimbilia.

"Shikamoo bibi. Niachie mimi hiyo chai."

"Marahaba. Wewe si dereva? Unaijua?"

"Naijua sana, bibi."

"Asali ile pale, kwenye kichupa. Sasa, sikiliza, hiyo asali..."

"Nimeelewa, bibi, usihangaike."

Mwanangu, sikuwa nimeelewa chochote. Nilikuwa na shahada ya sosholojia, na kuhusu tangawizi nilijua kwamba ipo. Nikaipondaponda, nikaitupa kwenye sufuria. Nikakata malimao na maganda yake na mbegu zake, yote ndani. Kisha nikachukua kile kichupa cha asali ya nyuki wadogo, nikakimimina chote, maana niliona mgonjwa ni mtu mzito. Nikachochea kuni. Ikachemka, ikachemka tena, nikaiongezea kuni nyingine ili dawa ikolee. Nikaipeleka barazani mwenyewe, natembea kama daktari.

Mzee Ramadhani akapiga funda moja. Akafumba macho. Machozi yakamtoka taratibu. Akakiweka kikombe chini kama mtu anayemtua nge, akatuangalia wote, akanong'ona, "Nani?"

Shangazi yake Mwajuma akadakia kutoka mlangoni: "Nani zaidi ya Mwajuma? Tangu asubuhi akili yake haipo hapa. Haya wageni, onjeni wenyewe mjue mnapeleka nini kwenu!"

Wazee wetu wakacheka kwa adabu, lakini nikaona wawili wakitazamana. Mjomba Hamisi akanikazia macho: nyamaza. Na kweli kunyamaza kungetosha. Dereva angebaki dereva. Lakini nyuma ya pazia la mlango wa chumbani alikuwepo mtu ambaye desturi ilimkataza kutoka kujitetea, na alikuwa anavunjiwa heshima mbele ya wakwe zake kwa uchungu wa maganda yangu ya limao. Nikajiona mdogo kuliko kile kichupa.

"Ni mimi, mzee," nikasema.

"Dereva?" akauliza Shangazi.

"Dereva, ndiyo. Na pia..." Nikapiga hatua moja mbele. "Na pia ndimi mwenye posa."

Mjomba Hamisi akavua kofia, akajifunika nayo uso. Pale barazani kuku tu ndio walioendelea na shughuli zao. Nikaanza kufikiria njia fupi ya kurudi Haneti.

Kisha nikaona mabega ya Mzee Ramadhani yanatikisika. Nilidhani ni homa. Kumbe anacheka! Kicheko kisicho na sauti, mpaka akashika nguzo. Shangazi akapiga kigelegele kabla ya wakati, akajiziba mdomo. Na bibi akaja, akachungulia kikombe, akanusa.

"Huko chuoni mlifundishwa kupika dawa ya ng'ombe?"

"Hapana, bibi."

"Nilitaka kukwambia, ukanikatiza. Asali iko wapi?"

"Niliimimina yote."

"Yote! Mwanangu huyu mgonjwa kaivuna mwenyewe, anaipimapima kwa kijiko tangu mwaka jana." Akanishika mkono. "Njoo jikoni, mkwe. Sijasema umekubaliwa. Njoo tu."

Hivi ndivyo alivyonifundisha. Tangawizi mbichi iponde, iache ichemke polepole mpaka jiko lote linukie. Ipua. Ndipo ukamue limao, maji yake tu. Subiri mpaka kikombe kikubalike mkononi. Asali usiipike kabisa, maana ukiichemsha, utamu utaubakisha lakini harufu ya maua itakwenda na mvuke. Na kwao mpishi hamtilii mtu asali. Inawekwa pembeni na kijiko, mnywaji ajitilie mwenyewe kiasi anachokipenda. Kumtilia ni kumpimia.

Asali haikuwepo tena, isipokuwa iliyoganda kwenye kuta za kile kichupa. Bibi akatia humo chai ya vuguvugu, akaziba, akatikisa, akampa mgonjwa. Mzee Ramadhani akanywa taratibu. Akakohoa. Akanywa tena. Sote tukamwangalia koo, hata Mwajuma, maana pazia lilikuwa limesogea kidogo.

Sauti ikatoka kama mlango mbovu, lakini ikatoka.

"Tumekubali," akasema. "Binti yetu tumewapa. Aliyeona binti anaaibishwa akajitokeza, huyo ataishi naye. Ila jikoni, Hamisi, asiingie mpaka afundishwe."

Safari hii kigelegele cha Shangazi hakikuzibwa na mtu.

Sasa, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Mtu mzima akifungua mdomo kukuelekeza, mwache amalize, hata kama unadhani unajua. Hasa kama unadhani unajua. Ukitaka kumsaidia mtu usimpimie utamu wake, mpe kijiko. Moto usiuongeze kwa sababu tu una haraka, vipo vitu vizuri vinavyosubiri mpaka chai iwe vuguvugu. Na kosa lako likianza kumwangukia mtu asiyeweza kujitetea, simama ulichukue palepale, hata kama utasimama bila miwani, mbele ya ukoo mzima.

Mungu akufungue kifua na koo, akupe usingizi mzuri na afya ya kurudi darasani. Akujaalie watu watakaokucheka kwa upendo pale unapoharibu, na kheri ya kukaa nao miaka mingi. Amina. Haya, maji yako yameshachemka, kaipue.