Kioo cha Helmeti na Pumzi ya Mwanamke

Mkubwa wangu wa kazi pale Nyamira alikuwa na maelezo yake kuhusu kwa nini kioo cha helmeti yangu kilijaa mvuke kila asubuhi. Alisema ni kwa sababu wanawake wanaongea sana. Aliyasema hayo mbele ya wafanyakazi wote wa ofisi ya mifugo, ameketi karibu na jiko la makaa, kikombe cha chai mkononi, na watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, goti limechubuka, matope hadi kiunoni. Miaka mingi imepita na bado nikikumbuka kile kicheko natamani kumrushia mtu kitu.

Ilikuwa miaka ya tisini, na kazi yangu ilikuwa kupandisha ng'ombe. Nilibeba mbegu za fahali wa gredi, wale wa kizungu wa maziwa mengi, zimegandishwa ndani ya mtungi uliofungwa nyuma ya pikipiki, nikapita kila asubuhi njia ile ile kutoka Kebirigo kuelekea mashamba ya Nyansiongo. Mfugaji ambaye ng'ombe wake alionyesha dalili za kutaka dume alimleta kando ya barabara, akamfunga kwenye kizimba cha mbao, akaningoja. Nikichelewa, joto la ng'ombe linapita, na mwenyewe anabaki kumlisha bure mpaka lirudi tena. Kwa hiyo pikipiki ile haikuwa pambo. Bila pikipiki sifiki, na nisipofika mimi si mpandishaji tena, ni mtu wa kuchemsha chai ofisini. Nilikuwa mwanamke wa kwanza kupewa pikipiki katika ofisi yetu, na walikuwepo wanaume walioiona ni yao hata kabla sijaizoea.

Sasa ile baridi. Mwezi wa saba, upande wa Borabu, huko Nyansiongo, ukungu unalala juu ya majani chai na vidole vinakataa kukunjika. Pumzi ya moto iko ndani ya helmeti, kioo ni baridi, na maji yanajitengeneza yenyewe. Ukiwa mwendoni upepo unapenya na kukausha kidogo. Taabu ni kusimama.

Na kwetu hupiti watu bila kuwasalimia. Mzee wa rika la baba yako yuko kando ya barabara na ng'ombe wake, unasimama. "Bwakire," anasema, kumekucha, kisha anaanza kuuliza habari za nyumbani, za watoto, za mama mkwe, za mvua ya huko mlikotoka. Pikipiki yangu nayo ilikuwa na tabia ya kuzimika, na ikizimika kwenye baridi utaipiga teke mpaka ulie. Mkono mmoja uko kwenye klachi, mwingine unakaza mafuta injini isizimike, kwa hiyo najibu salamu nikiwa nimefungiwa ndani ya kioo. Nikimaliza kueleza kwamba mama mkwe ni mzima, sioni hata tangi la mafuta. Nipite bila kusalimia? Kabla ya jioni ujumbe ungekuwa umefika kwa wakwe kwamba serikali imempa mke wao pikipiki na majivuno pamoja.

Hizo ndizo zilizokuwa kelele zangu za kike: salamu za wanaume wazee.

Nilipomweleza mkubwa shida hiyo mara ya kwanza, alinipa dawa. "Madam, paka mafuta ya kukamulia," akasema. Huko kwenye ng'ombe wa maziwa, mafuta ya kukamulia hutibu kila kitu. Yanapakwa chuchu za ng'ombe, midomo iliyopasuka, bawaba za mlango, uso wa mtoto anayekwenda kanisani. Nami nikayapaka kwenye kioo, ndani, vizuri kabisa, nikiamini kwamba mtu aliyesomea mifugo mpaka chuo kikuu amefikiri kabla ya kufungua mdomo.

Asubuhi iliyofuata mvuke ulikuja kama kawaida, ukakuta mafuta, vikawa kitu kimoja cheupe kama uji. Nikapangusa kwa kidole cha glavu, nikavuruga zaidi. Jua likachomoza mbele yangu na kioo chote kikawaka. Kona sikuiona. Nilijikuta ndani ya majani chai ya watu, pikipiki juu ya mguu wangu, mtungi umeviringika mtaroni.

Hiyo ndiyo siku niliyosimama mlangoni na matope. Na yule aliyenipa mafuta ndiye aliyechekesha watu. Kisha, alipomaliza kunywa chai, akasema: "Mwisho wa mwezi hii pikipiki tutampea huyu kijana. Wewe utakaa hapa ofisini, madam. Ni kwa usalama wako." Kijana mwenyewe, mwenzangu wa meza ya pili, akaangalia viatu vyake kwa heshima nyingi sana.

Nilikasirika kiasi cha kushindwa kula. Wahenga walisema hasira hasara, lakini wahenga hawakuwahi kufanya kazi chini ya mtu yule.

Jumamosi nilishuka Kisii kutafuta dawa ya goti. Kulikuwa na duka la familia moja ya Kihindi, wanauza bhajia zikiwa za moto ndani ya kabati la vioo. Nilikuwa nimepita hapo mara nyingi, lakini siku hiyo ndipo nilipoona: bhajia zinatoka mvuke, na kioo ni kikavu, unaona hadi pilipili. Nikamuuliza mama mwenye duka anafanyaje.

"Sabuni ya kufulia, dada," akasema. "Kavu. Usitie maji. Sugua ndani, halafu pangusa na kitambaa mpaka usiione tena."

"Tu?"

"Tu. Kila asubuhi."

Nilifika nyumbani nikasugua kioo cha helmeti kwa kipande cha sabuni, nikapangusa, nikakishika juu ya sufuria ya maji yanayochemka. Kikabaki wazi. Nikaongeza akili yangu: njiti ya kiberiti kwenye bawaba ili kioo kisifunge kabisa, na leso chini ya macho, imebanwa puani ili pumzi iende kifuani. Wiki mbili nzima nilipita kwenye ukungu ule, nikasalimia kila mzee mpaka akachoka yeye, na barabara niliiona yote.

Nikaenda kumwambia mkubwa. Nilimwambia shida imekwisha, nikamwonyesha kioo. Hakukitazama. "Imeshaamuliwa," akasema. Hapo ndipo nilipojua kwamba mvuke haukuwa na kesi yoyote. Kesi ilikuwa mimi, na ilihukumiwa siku nilipopewa ufunguo.

Mwisho wa mwezi kijana akachukua pikipiki na helmeti yake. Hakuniuliza kitu nami sikumwambia kitu. Hakumaliza hata wiki. Aliletwa ofisini, yeye na pikipiki, mkono umefungwa kitambaa shingoni, akasema kioo kilijaa mvuke akaingia mtaroni. Nikasubiri kusikia kuhusu watu wanaoongea sana. Mkubwa akatikisa kichwa kwa huruma, akampa kiti karibu na jiko. "Hii helmeti ni mbovu," akasema. "Pole sana, kijana. Nitaagiza nyingine mpya."

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Wakati huo huo mama mmoja mjane alikuwa amesimama pale barazani. Alikuwa ametoka Nyansiongo kwa lori la maziwa, kuuliza kwa nini hakuna aliyepita, maana ng'ombe wake wa pekee alikuwa amefungwa kwenye kizimba tangu alfajiri. Mkubwa akamwambia arudi nyumbani angoje helmeti mpya.

Ufunguo ulikuwa mezani. Nikauchukua. Nikatoa sabuni kwenye mkoba, nikasugua kile kioo kibovu mbele yao wote, pole pole, nikapangusa, nikavaa. Mkubwa akauliza ni nani amenipa ruhusa. Nikamjibu kwamba ng'ombe hangoji helmeti, nikamwambia yule mama apande nyuma, aukumbatie mtungi.

Ufunguo ule sikuurudisha juu ya meza yake mpaka siku niliyoacha kazi.